Pwani ya Pangani Bila Kiingilio

Watu wengi wa bara wakitajiwa safari ya pwani huanza na hesabu ya hoteli, wakimaliza hesabu wanaahirisha safari. Katika wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, hesabu hiyo imeanzia mahali pasipo. Vinavyostahili kuonwa huko havina geti wala mkata tiketi: mafungu ya mchanga yanayojitokeza bahari ikipwa, mji mkongwe kwenye mdomo wa mto, vyombo vinavyoingia na samaki alfajiri, mikoko na ndege wake. Nauli utalipa, chakula utanunua, na kama unalala utatafuta chumba. Kutembea na kutazama ni bure.

Sharti moja lipo, na halilipwi kwa fedha. Lazima ufuate saa za maji. Anayefika Ushongo saa kumi jioni siku ya bamvua atakuta bahari imepanda hadi karibu na minazi, atasema hakuna pa kutembea. Aliyefika saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo amekuta uwanja wa mchanga, vidimbwi vyenye viti vya pweza, na akina mama wakirudi na ndoo za chaza. Ufuko ni uleule mmoja. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, kisha unakwenda mahali.

KWANZA, SOMA MAJI

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Jua, mwezi na dunia vikiwa mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvutano huongezeka na maji husafiri mbali: hupanda juu sana, kisha hurudi nyuma sana. Hiyo ni bamvua, na katika pwani hii tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu, kama mita 1 hivi. Hayo ni maji mafu.

Jambo zuri kwa msafiri ni kwamba saa za bamvua hapa kwetu hazihamihami. Siku za bamvua maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inakutosha kupanga safari miezi kadhaa mbele.

Fanya hivi:

1. Tazama mwezi ni wa ngapi. Kati ya mwezi 14 na 17, na kati ya mwezi 29 na 3, ni bamvua. Mwezi 7 hadi 9 na 21 hadi 23 ni maji mafu.
2. Siku ya mwezi 15 kadiria maji kupwa saa nne na nusu asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Mwezi 17, kwa mfano, kupwa kutakuwa karibu na saa sita mchana.
3. Maji hujaa takriban saa sita na robo baada ya kupwa.
4. Anza matembezi saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, ukifuata maji yanavyorudi. Yakianza kugeuka, nawe geuka.
5. Ukifika, muulize mvuvi yeyote: "Maji leo yanapwa saa ngapi?" Jibu lake ndilo la kufuata, si hesabu yako.

Hesabu hii ni makadirio, na inaweza kukosea kwa saa nzima, hasa siku za maji mafu. Anayetaka usahihi atafute jedwali la maji la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Tahadhari za upepo na mawimbi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Zisikilize kabla hujapanda chombo chochote.

| KISANDUKU: MAJI GANI KWA SHUGHULI GANI |
|---|
| Kutembea kwenye mafungu, kutazama viumbe wa vidimbwini, kuona wavuaji wa pweza: bamvua, asubuhi. |
| Kuogelea na watoto: maji mafu. Asubuhi maji yamejaa na hayana nguvu kubwa. |
| Picha za vyombo vikielea karibu na minazi: bamvua, saa kumi jioni. |
| Kutazama ndege kwenye tope la mikoko: maji yakiwa yamepwa nusu. |

Kuhusu majira, Juni hadi Septemba kusi linavuma, hewa ni ya ubaridi na bahari ina mawimbi. Desemba hadi Februari ni kaskazi: jua kali, maji safi zaidi. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, barabara za vumbi za huko hugeuka tope na mto huingiza maji mekundu baharini. Kama huna sababu ya kwenda masika, usiende.

MJI WA PANGANI KWA MIGUU

Pangani iko kama kilomita 50 kusini mwa Tanga mjini. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, wengi hupitia Muheza au Tanga kisha wanageuka kuelekea pwani.

Mji ni mdogo. Nusu siku inatosha. Anzia kando ya mto, kivukoni, mapema kabla jua halijapanda. Mto huu umesafiri kama kilomita 500 kutoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, umepita bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale, na hapa ndipo unapomalizika. Simama tu utazame: mashua zinapakua, baiskeli zinashuka kivukoni na mikaa na nazi, mafundi wanakalafati vyombo vilivyopandishwa mchangani. Fundi wa mashua akiwa hana haraka atakueleza mbao gani anatumia na kwa nini. Akiwa na haraka, mwache.

Kutoka kivukoni, fuata mtaa wa kando ya mto wenye majengo ya kale: forodha, maduka ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza, milango ya nakshi iliyobaki michache. Boma liko jirani. Ni majengo ya historia nzito, na afadhali uijue kabla ya kupiga picha. Agosti 1888 Emil von Zelewski, mwakilishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alifika hapa na kupandisha bendera ya kampuni yake. Mwezi uliofuata mji uliwaka kwa vita. Kiongozi wa vita vile, Abushiri bin Salim, alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani. Alikamatwa na kunyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakuishi sana: aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo Agosti 1891. Vitabu vya shule huwataja watu hawa kwa mistari miwili. Mtoto wa darasa la sita akisimama mbele ya mto wenyewe, mistari ile inapata mahali pa kukaa.

Majengo mengine ni ofisi au makazi ya watu. Ya nje tazama upendavyo; kuingia ndani omba.

Kosa la kawaida mjini ni kuvua viatu na kukimbilia maji. Ufuko wa karibu na mdomo wa mto si wa kuogelea, na hapa sina maneno ya kupunguza ukali: maji ni ya tope, mkondo una nguvu hasa maji yanapopwa, na mtoni kuna mamba. Kuogelea kuna mahali pake, kunakuja.

NG'AMBO: BWENI NA KIKOGWE

Kivuko kina nauli ndogo kwa mtu wa miguu. Ujenzi wa daraja lenye urefu wa mita 525 ni sehemu ya barabara mpya ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, kwa hiyo uliza kwanza watu wanavuka vipi siku hizo. Upande wa Bweni ardhi imeinuka. Panda taratibu, geuka nyuma, na utauona mji, mto na bahari kwa pamoja. Asubuhi jua litakuwa upande wa baharini na litakuumiza macho. Jioni mwanga unaangukia mjini vizuri.

Ukiendelea na barabara ya kusini utafika Kikogwe, mahali ambapo wapita njia wengi hawajui wamepita nini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa safarini. Iliyofika hai, 62 tu, ilipandwa hapa. Mashamba yote ya mkonge ya Korogwe, Muheza, Morogoro na kwingineko, reli za trola, makambi ya manamba, hata sehemu ya historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, chanzo chake ni miche ile. Mashamba yana wenyewe. Tazama ukiwa barabarani, na usikate jani "la ukumbusho". Utomvu wa mkonge huwasha ngozi.

USHONGO: SIKU NZIMA MCHANGANI

Hapa ndipo pa kuogelea na pa kutembea. Ushongo iko kama kilomita 16 kusini mwa Pangani. Bodaboda hufika, na bei mpatane kabla hujapanda, kwenda na kurudi.

Watu huuliza: si kuna hoteli, tutaruhusiwa? Ndiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na kwa desturi ya pwani mchanga unaofikiwa na maji ni njia ya wote: wavuvi, wachuuzi, watoto wa shule. Kiti, mwavuli, kivuli cha makuti na choo cha hoteli ni mali yake, na ukivitaka utalipia au kununua kinywaji. Mlinzi akikuzuia njia ya ardhini, usibishane. Msalimie, muulize njia ya wavuvi iko wapi, upite hiyo.

Hatua za matembezi mazuri ya maji kupwa:

1. Vaa viatu vya kulowana, raba kuukuu au makubadhi yenye mikanda. Kandambili hubaki kwenye tope.
2. Mwambie mtu aliyebaki nchi kavu unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.
3. Chagua alama mbili nchi kavu, kama mnazi mrefu na paa jekundu, ujue pa kurudia.
4. Tembea juu ya mchanga. Epuka kukanyaga matumbawe. Yanavunjika, nayo hukua polepole mno.
5. Kwenye maji ya magotini buruta miguu badala ya kuinua. Samaki aitwaye taa hujizika mchangani, na akisikia mtikisiko hukimbia mwenyewe.
6. Tazama mbele na nyuma. Maji yakijaa hayaji kwa mstari mmoja kutoka baharini. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati yako na nchi kavu. Watu hujikuta wamesimama kwenye fungu kavu huku nyuma yao kuna mto wa bahari.

Hatua ya sita ndiyo iliyonifanya niandike zote. Ukiona maji yanapita kwenye mfereji ulioukuta mkavu, acha kila kitu urudi, hata kama picha haijapigwa.

Utakachokiona: viti vya pweza, majongoo ya bahari, kaa wa kila namna, na kwenye mipasuko ya miamba wanawake na vijana wenye vijiti vya kuvulia pweza. Huo ni uvuvi, na mwamba unaoukanyaga ni shamba la mtu kwa siku ile. Salimia, pita pembeni, usichokore mashimo. Ukitaka pweza, nunua kwao. Bei ya mchangani haifanani na ya hotelini.

Ushongo pia ni kituo cha kasa. Kisiwa cha Maziwe, kama kilomita 8 baharini, kilikuwa na miti, ikaliwa na bahari ikaisha, na kilichobaki ni fungu linalofunikwa na maji. Mayai yanayotagwa kule yangeoza, ndiyo sababu wahifadhi huyahamishia ufukweni Ushongo. Siku za vifaranga kutoka, uliza kijijini kama kutazama kunalipiwa. Masharti ni machache: usimshike kifaranga, usimmulike kwa tochi wala simu, usisimame kati yake na maji.

KUTAZAMA VYOMBO VIKIINGIA

Kipumbwi, Kigombe na Pangani yenyewe zina masoko ya samaki ya mchangani. Nenda alfajiri au wakati wowote wenyeji watakaokutajia, kwa sababu vyombo hufuata maji na upepo. Mnada huenda haraka, kwa ishara na maneno mafupi, na mgeni asiyenunua asimame nyuma. Hapo utaona dema zilizosukwa, ngalawa zenye marengu mawili, na samaki ambao bara hufika wakiwa wameshakaushwa.

Kwa mikoko, tembea ukingoni tu, usiingie kwenye tope. Kuanzia Septemba hadi Aprili kuna ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanaokula kwenye matope haya. Kukata mkoko bila kibali ni kosa kisheria, hata kijiti cha kuchomea samaki.

VISIVYO BURE

Nisikudanganye: Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kuna ada na kuna boti ya kukodi. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kusini zaidi, ina kiingilio. Magofu ya Tongoni, kilomita 17 kusini mwa Tanga kwenye barabara hiyohiyo ya Pangani, yana msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, na hutozwa ada ya mambo ya kale. Ya Tongoni ningeilipa bila kujiuliza, kwa kuwa ipo njiani.

| KISANDUKU: UKIDHURIKA |
|---|
| Umechomwa na taa au samaki wa miiba: tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, huku ukitafuta kituo cha afya. Usikate kidonda wala usikinyonye. |
| Konokono wa baharini mwenye ganda la umbo la pia: usimwokote kabisa, hata akionekana amekufa. Baadhi wana sumu ya kuua. |
| Umevutwa na mkondo: usipigane nao. Elea, ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo uelekee nchi kavu. |
| Simu ya dharura: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji. Mtandao hukatika sehemu nyingine, kwa hiyo mvuvi wa karibu ndiye msaada wa kwanza. |

ADABU ZA HUKU

Pwani hii ni ya watu wa dini, wengi Waislamu. Nguo za kuogelea ziishie majini. Ukitoka, jifunge kanga au vaa shati, na usipite kijijini nusu uchi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Ijumaa adhuhuri shughuli nyingi husimama, usilalamike kwamba hakuna bodaboda. Mzee mpe shikamoo yake kabla ya swali lolote. Picha ya mtu iombwe, ya mtoto iombwe kwa mzazi. Ukitaka kupiga hema, kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Ufuko kuwa wazi mchana hakumaanishi unalala popote.

Na spika, jamani, iacheni nyumbani. Kundi linaloshuka na muziki wa kutikisa madirisha limekuja kuisikia Dar es Salaam likiwa Ushongo.

KABLA HUJATOKA

☐ Tarehe ya mwezi na saa ya maji kupwa
☐ Maji ya kunywa, lita 2 au zaidi kwa kila mtu
☐ Kofia, kanga mbili, shati la mikono mirefu
☐ Viatu vya kulowana
☐ Noti ndogondogo: mwenye madafu hana chenji ya elfu kumi
☐ Dawa ya mbu, na chandarua ukilala
☐ Mfuko wa taka, urudi nao ukiwa umejaa
☐ Simu yenye chaji, ndani ya mfuko usiopitisha maji

Chakula usibebe kingi. Asubuhi kuna vitumbua na chai, mchana wali wa nazi na samaki, na ukiuliza vizuri utapata bada, ugali wa muhogo unaoliwa sana pwani ya Tanga. Fedha unayoiacha kwa mama ntilie ndiyo inayobaki kijijini.

KAMA MUDA NI MFUPI

Mwenye siku moja achague siku ya bamvua, alale Pangani usiku wa kuamkia, awe Ushongo saa mbili asubuhi. Mwenye siku mbili aanze na mji na Bweni, Ushongo kesho yake. Kundi lenye watoto wadogo liache bamvua, lingoje maji mafu. Na wote, kabla ya kuvuka kwenda ng'ambo, ulizeni kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi.